Mikia ya Mabehewa

Miaka ishirini na sita nimeunga mabehewa Tabora,
pale reli inapojigawa: hii ya Mwanza, hii ya Kigoma,
ile nyingine ikikata kwenda Mpanda kwa unyonge wake.
Naijua sauti ya ndoano inaposhika vizuri.
Naijua na ile nyingine.

Kwa hiyo nilidhani ningesikia.

Nilianza tu kushiba upesi:
matonge matatu, mlenda kidogo, nimejaa.
Nyamizi akanuna, akadhani nimekula kwingine.
Mkanda nikautoboa tundu jipya, nakonda,
na bado kushoto, chini ya mbavu,
palikuwa na kitu kigumu kama mzinga uliojaa asali.
Usiku jasho. Nikasema ni joto la Oktoba.
Ikaja Januari na mvua zake; jasho likabaki.

Kitete walinitoa damu kutafuta malaria.
Malaria hapana.
Siwema wa maabara alihesabu, akahesabu tena,
akatoka nje na glavu zake mkononi:
"Baba, umekuja kwa miguu yako?"
Kwa baiskeli, nikamwambia, kutoka Isevya.
Chembe nyeupe laki mbili na themanini,
kwenye tone ambalo elfu saba zingetosha.

Damu nyingine ikapelekwa Dar.
Jibu likachelewa wiki tano, kama treni yetu.

Ndani ya chembe, Siwema akaeleza,
mna nyuzi za urithi, jozi kwa jozi, zenye namba.
Siku moja, na hakuna ajuaye siku gani,
wa tisa na wa ishirini na mbili walikatika mikia
wakabadilishana.
Nikasema: nimeelewa. Wameungwa vibaya yadi.
Akacheka, halafu akaacha kucheka.
Pale kwenye kiungo pakazaliwa wenzo usiorudi,
unaosema tuma, tuma, tuma,
na uboho, mtiifu, ukatuma.

Haikukimbia. Ndiyo maana wanaiita sugu.
Chembe moja ikawa mbili, mbili zikawa kijiji.
Mwaka Kulwa alipomaliza darasa la saba
huenda ilikuwa imeshaondoka stesheni.
Mwaka wa msiba wa mama ilikuwa ikijaza wengu,
nami kibarazani nacheza bao, nashinda.

Dada yangu Kabula akaja na basi la Sikonge,
ana jina la mtu, ana na bei ya mbuzi.
Sikugombana naye. Siku ya kliniki, kwenye benchi,
nikajitungia haya, nikamsomea aliporudi:

Si sumu wala si hila, si jicho la majirani,
Si maji wala chakula, si deni la kaburini,
Mikia iliyohama, ikashikana gizani,
Nani angeona taa, ndani mwa chembe mfupani?

Akasema shairi zuri, ila mbuzi angesaidia.

Kuna awamu tatu. Hii yangu ni ya polepole,
mtu anaweza kuivuta miaka mingi.
Ya pili huongeza mwendo.
Ya tatu daktari aliitaja huku akifunga faili.

Kidonge hakitenganishi kilichoungwa.
Kinakamata wenzo, basi.
Ukiuachia wiki moja kwa sababu umejisikia mzima,
umeuachia.
Nilimwelewa kuliko alivyodhani:
niliwahi kuona mtu akiuachia,
akasema ni dakika moja tu, anawasha sigara.

Saa mbili usiku, baada ya kula,
nameza na bilauri nzima ya maji.
Sasa ni matonge saba. Nyamizi anayahesabu kimya,
anadhani sijui.
Treni ya Kigoma bado haijaingia.
Yeye anahesabu, mimi nasikiliza
ndoano iliyo ndani ya mfupa,
ambako kazi yote hufanyika bila sauti.